Nimevunja Ahadi Niliyompa Mama Brian

Jumapili, Homa Bay. Mawingu tangu alfajiri.

Mvua haijanyesha bado, lakini imekaa juu ya mlima Asego kama mgeni ambaye hajaamua kama anaingia au anapita. Ziwa limegeuka rangi ya sufuria kuukuu. Kila upepo ukigonga bati la jikoni, nasimama. Nimesimama mara nyingi leo. Chai nimeipasha mara mbili na bado imepoa.

Naogopa. Naandika hivyo bila haya, maana wiki hii sina kitu kingine cha kweli cha kuandika.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwanaanthropolojia. Tangu nimalize chuo, kazi yangu imekuwa kuishi na watu waliopatwa na janga na kuchunguza wanavyoinuka tena. Nimekaa Nyatike baada ya mto Kuja kupasua kingo na kulala ndani ya nyumba za watu. Nimekaa vijiji vya ufuoni ambako ziwa lilimeza mashamba. Neno letu la kazi ni ustahimilivu. Nimelitamka kwenye kumbi nyingi kiasi kwamba linatoka mdomoni lenyewe, kama salamu.

Kazi yangu huanza maji yakishapungua. Nafika matope yameanza kukauka, waliokufa wameshazikwa, waliobaki wameshapata sauti ya kusimulia. Sijawahi kuwepo siku yenyewe. Kumbe kuna usalama ndani ya kuchelewa, nami nimeishi ndani ya usalama huo miaka yote bila kuujua.

Wiki hii nilifika kabla.

Mama Brian namjua mwaka wa saba sasa. (Si jina lake. Majina yote hapa nimebadilisha.) Mumewe, nitamwita Ochieng, alifukiwa kwenye shimo la dhahabu kule Macalder pamoja na wenzake. Wengine walitolewa wakiwa hai, wengine walitolewa tu. Ochieng hakupatikana. Udongo uliendelea kushuka, ikabidi uokoaji usimamishwe kabla haujaua waokoaji.

Wajaluo hawamwachi mtu wao bila kaburi nyumbani. Mwili usipopatikana, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mti wa mwegea, zito kama mtoto mchanga. Basi yago ikazikwa, watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Mimi nilifika wiki chache baadaye. Nililipiga kaburi picha.

Miezi mitatu baada ya mazishi, Mama Brian alirudi machimboni. Aliunda kikundi cha wajane. Wanaponda mawe, wanaosha udongo kwenye karai, wanauza vipunje wanavyopata. Niliandika tasnifu ambayo yeye ndiye moyo wake. Kisha makala. Kisha nikaanza kualikwa kuzungumza. Popote nilipotaka kuonyesha mtu aliyeanguka akainuka, nilimtaja yeye kwa jina la bandia nililompa. Cheo nilicho nacho chuoni nilikipata nikiwa nimepanda mgongo wake.

Jumanne nilienda kumsomea sura ya nne ya kitabu changu kipya. Ni desturi niliyojiwekea: nisichapishe habari za mtu kabla hajazisikia. Tulikaa nje ya jiko lake tukila mandazi. Dholuo changu ni cha salamu na kuomba maji, kwa hiyo tangu mwanzo tumeongea Kiswahili, yeye cha sokoni, mimi cha kwetu Ukambani. Yeye huniita Nyar Kamba, binti wa Wakamba.

Nikamtafsiria kutoka Kiingereza: kwamba kurudi kwake machimboni mapema hivyo kulionyesha nguvu ya kuanza upya, kwamba aligeuza mahali pa msiba kuwa mahali pa riziki.

Aliacha kutafuna. Kisha akacheka, kicheko kifupi ambacho sikukijua.

"Nyar Kamba, umeandika nilirudi juu ya kazi?"

Nikamwambia ndiyo, si ndivyo alivyoniambia mwaka ule wa kwanza?

"Ulikuwa mgeni. Ningekuambia nini?" Akapangusa mikono kwa leso yake. "Nilirudi juu ya Ochieng. Ako huko."

Akaingia ndani akavaa mabuti ya plastiki. "Kuja nikuonyeshe."

Tulipita nyuma ya mashine za kusaga mawe, tukavuka kijito kikavu, tukaingia kwenye mkonge mrefu upande ambao watu hawaendi. Tangu ajali ile, wachimbaji wameuacha upande huo. Wanasema si pazuri. Pale katikati ya mkonge nilimkuta mama mkwe wake, bibi mwembamba wa umri usiohesabika, ameketi juu ya jiwe na fimbo mkononi, mbuzi wanne wakila mbele yake. Wote humwita Dani, yaani nyanya. Nilidhani anachunga mbuzi.

Kando ya miguu yake kulikuwa na mabati mawili yaliyofunikwa matawi ya miiba. Mama Brian aliyasogeza.

Shimo.

Lilikuwa jembamba, upana wa mtu mmoja asiyevuta pumzi sana. Kamba imefungwa kwenye shina la mti na kutumbukia ndani. Tangu mavuno yaliyopita, wanawake hawa wawili, mke na mama wa marehemu, wamekuwa wakichimba upya njia ya shimo lililomzika mtu wao. Mke anashuka na sururu. Mama anavuta udongo kwa debe dogo, kidogo kidogo, na mtu akitokea mbali anaangusha kokoto ndani ili mkwewe anyamaze. Machimboni mwanamke haruhusiwi kuingia shimoni, husemwa dhahabu itajificha. Wakijulikana, watafukuzwa. Na wanaume wakisikia kuna njia imefunguliwa, Mama Brian alisema, watashuka kutafuta mawe, wamkanyage Ochieng.

Kabla sijauliza lolote, Dani alinishika kifundo cha mkono. Alisema kwa Dholuo na mkwewe akatafsiri: niape kwamba sitamwambia mtu.

Niliapa. Niliapa upesi mno, nikifurahi kwamba nimeaminiwa.

"Sasa shuka uone," akasema Mama Brian. "Umeandika hii shimo miaka yote. Hujawahi hata kuinusa."

Nilishuka. Naomba yeyote asinisifu kwa hilo, nilishuka kwa sababu niliona haya kukataa. Kuta zilikuwa na vijishimo vya kukanyagia, na kwenye kila hatua udongo ulimwagika ndani ya blauzi yangu. Chini kulikuwa na joto la mdomo wa mtu. Tulitambaa. Mwanga wa tochi yake ya kichwani ulipita kwenye nguzo za mbao alizozisimamisha mwenyewe, matawi ya kawaida tu, na moja nilipoigusa ilikuwa imetafunwa na mchwa hadi imekuwa nyepesi kama boga kavu. Ukuta wa kushoto ulikuwa ukitoka jasho. Nilipouwekea kiganja, kililowa.

Mama Brian alinyoosha mkono mbele, kwenye udongo uliotuzibia. "Hapo kuna njia panda. Odero alisema Ochieng alikuwa hapo, karibu kutoka. Imebaki kuchimba mikono mitatu."

Odero ni mwenyekiti wa wachimbaji. Alikuwa shimoni siku ile na alitolewa hai. Maneno hayo ya njia panda hata mimi aliniambia, miaka hiyo, na nimeyachapisha: alikuwa hatua chache kutoka kwenye mwanga. Wasomaji wangu hupenda sana sentensi hiyo.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka Dani akinipangusa uso kwa ncha ya leso, kama mtu anayempangusa mtoto.

Jumatano nilikaa kwenye chumba cha kupanga huko Suna, mjini Migori, na mvua ikaanza. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ya kunyonya, isiyo na kishindo, inayoingia ardhini na kubaki. Kwenye dirisha niliona watu wakiruka madimbwi, wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, wakicheka. Mimi nilikuwa nawaza ukuta ule wa kushoto.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Ndilo jambo linaloniaibisha. Kuna kanuni katika kazi yetu: siri ya mtu ni yake, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Nimeifundisha kanuni hiyo. Nimeandika "isipokuwa" ubaoni na kuipigia mstari, nikawatazama wanafunzi wakinakili. Darasani ukuta hautoki jasho.

Niliogopa kwamba Mama Brian atakufa. Niliogopa pia kwamba hatakufa, na atanichukia. Niliogopa kwamba nikimtaja, kila mlango wa Macalder utafungwa, na nani atamwambia kitu tena mwanamke asiyeweza kutunza neno?

Na niliandike na lile baya zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mahali pake. Kwa muda mfupi Jumatano hiyo, nikiwa nimelala kitandani na viatu, niliwaza sura ya nne itakavyokuwa nzuri sasa. Mke na mama wakichimba kwa siri. Nikawaza hata sentensi ya kwanza.



Alhamisi nilirudi kwao. Nilimkuta Mama Brian akinoa sururu kwenye jiwe la kizingiti. Nilimsihi. Nilimwambia kuhusu maji ukutani, mchwa, mbao. Nilimwambia kuhusu Brian aliye shule ya bweni, asiyejua kitu. Nilimwambia asubiri angalau mvua ipite.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali.

"Wewe huwa unakuja watu wakishamaliza kulia," alisema. "Leo umekuja mapema, ndiyo maana hujui kazi ya kufanya."

Nilimgeukia Dani, nikajikongoja na Dholuo changu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtoto akisoma. Jibu lake lilitafsiriwa kwangu hivi: mimi sina miaka ya kusubiri. Kwenye kaburi la mwanangu wamelaza tunda. Nikifa nitalala kando ya tunda?

Jumamosi ni Sabato, na wote wawili ni Wasabato. Walipanga kushuka Ijumaa, wamalize ile mikono mitatu, Sabato iwakute wamepumzika.

Ijumaa niliamka mapema. Nilipanda pikipiki kutoka Suna nikiwa bado sijaamua. Mto tuliouvuka ulikuwa umepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwendeshaji aliniuliza kama nimeugua, maana nilikuwa nimemshika koti kama ninayezama. Tulipofika penye njia mbili, ya kwenda kwa Mama Brian na ya kwenda kwenye mashine, nilimwambia aende kwenye mashine. Nilijisikia nikisema hivyo.

Odero alikuwa chini ya kibanda cha mabati akinywa chai, mtu mkubwa wa miaka hamsini na kitu, mguu mmoja hauinami tangu ajali ile. Nilimwambia yote. Sikupamba, sikujitetea. Nilimwambia Mama Brian yuko chini sasa hivi.

Aliweka kikombe chini polepole sana, kama kimejaa hadi ukingoni. Aliita wanaume wawili, akachukua kamba nene, akaanza kutembea kuelekea kwenye mkonge kwa huo mguu wake, na sisi nyuma.

Dani alituona kutoka mbali. Hakuangusha kokoto. Alisimama tu mbele ya shimo, ameshika fimbo kwa mikono miwili, na jicho lake lilinipata mimi kwanza.

Odero hakumsukuma. Alimpita kwa upande, akalala kifudifudi kwenye matope, kichwa mdomoni mwa shimo. Mmoja wa wanaume alitaka kushuka; Odero akamzuia kwa kiganja. Ardhi pale ilikuwa imelainika, mtu mmoja zaidi ukutani angetosha.

Kisha akaanza kuongea kule chini. Aliongea Dholuo, polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, hata mimi nikaelewa karibu yote.

"Mama Brian, ni Odero. Acha kuchimba, unisikilize. Nilikudanganya."

Sururu ilikuwa imenyamaza.

"Ochieng hakuwa njia panda. Alikuwa mwisho kabisa, kule chini zaidi. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kutokea, yeye mbali nyuma yangu. Nilikwambia alikuwa karibu kutoka ili usilale ukifikiria giza la kule. Nikaona itakusaidia. Nikamwambia kila mtu hivyo hivyo."

Aliinua kichwa kidogo, akavuta pumzi, akakirudisha.

"Hapo unapochimba hakuna mtu. Panda juu, tafadhali."

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa yaliyo mbali mbali. Mbuzi mmoja alikohoa. Mimi nilikuwa nimeshika mkonge bila kujua, na mwiba wake umeingia kiganjani, na hadi sasa kidonda kinaniuma ninapoandika.

Sauti ikatoka chini, ndogo sana. "Mwisho kabisa?"

"Mwisho kabisa. Hata tungeshuka sote, hatungefika."

Kamba ikakaza.

Alitoka kidogo kidogo, mikono, kichwa, mabega, mwekundu wa udongo mwili mzima. Wanaume wakamshika kwapani wakamvuta. Alikaa chini palepale, akavua tochi ya kichwani, akaizima, akaiweka mapajani. Alitazama vidole vyake. Kisha akanitazama mimi.

"Si ulisema hutasema."

Basi.

Dani alikuwa amesogea karibu na Odero. Alimuuliza jambo moja tu: mwanangu aliita?

Odero, mtu mkubwa yule, alifuta uso kwa mkono wa shati. "Hapana, Mama. Ilikuwa ghafla. Hakujua."

Dani akaitikia kwa kichwa. Akaanza kukusanya mbuzi.

Mimi sijui kama lile lilikuwa kweli au lilikuwa uongo mwingine wa huruma. Ninaishi kwa kuuliza watu maswali, na hilo sikuliuliza, wala sitaliuliza.

Wanaume waliyarudisha mabati, wakayawekea mawe, wakatandaza miiba, tukaondoka. Mchana ule mvua ilifunguka kabisa. Tulikuwa tumejibanza chini ya kibanda, mimi, Odero na wengine kadhaa, saa kumi hivi, tuliposikia. Haukuwa mlipuko. Ilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayelala chini na kushusha pumzi. Kisha chai kwenye vikombe ikacheza.

Odero alikwenda hadi mwanzo wa mkonge akarudi. Alisema ardhi imetitia, mti wenye kamba umeingia nusu, mabati hayaonekani. Alisema hivyo akaketi, akashika goti lake bovu kwa mikono miwili.

Watu wengi wangeandika hapa kwamba walishusha pumzi. Mimi sikushusha. Nilisikia kwa masikio yangu jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisikia kwa kusimuliwa. Waliokuwa wakinisimulia walikuwa wakisita katikati ya sentensi, wakitazama pembeni, na mimi nilikuwa nikiandika kwenye daftari: anasita. Ningejua walichokuwa wakikisikia wakati huo, ningeweka kalamu chini.

Jana, Sabato, nilikwenda nyumbani kwa Mama Brian baada ya ibada. Nilibeba sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda matangani, na njia nzima nilijiuliza kama nimekosea kubeba au nimekosea kwenda. Langoni nilisimama. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, nikaona upindo wa gauni lake jeupe la kanisani ukipita, kisha mlango ukafungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa tu.

Dani ndiye aliyetoka. Mjukuu wa jirani, msichana mkubwa aliyevaa sare ya kwaya, alitutafsiria.

Nilisema pole. Nilisema najua niliapa. Nilisema mengi, na msichana alichoka kunitafsiria, akawa anafupisha.

Dani alipokea sukari na majani ya chai. Hilo lilinishangaza. Akasema, "Amenuna. Atanuna sana, namjua." Akageuka kutazama mlango uliofungwa, kisha akasema jambo ambalo msichana alilitafsiri huku akitabasamu kwa haya: "Lakini wa kaburini hanuni."

Hakunikaribisha ndani. Alinisindikiza hadi barabarani, hatua chache, kama anavyosindikizwa mgeni. Niliondoka bila kujua kama nimefukuzwa au nimesamehewa nusu. Nilipanda gari la Homa Bay nikaja kujifungia hapa.

Sura ya nne nimeifuta leo asubuhi. Nimewaandikia wachapishaji kwamba kitabu kitachelewa na kwamba sijui kitachelewa kiasi gani. Sentensi ile ya hatua chache kutoka kwenye mwanga iko kwenye makala ambayo siwezi kuyarudisha. Itaendelea kusomwa na watu ambao sitawahi kukutana nao, na kila mmoja ataipenda.

Kama Odero angesema ukweli siku ile, huenda Mama Brian asingechimba. Kama mimi ningeuliza mara ya pili, huenda Odero angesema. Sijui. Ninachojua ni kwamba mwanamke alikuwa akishuka kwenye kaburi kwa miezi, na mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba amepona.

Tangu Ijumaa jambo moja linanisumbua, na ndilo linalonifanya nisimame kila bati likigonga. Nimehoji watu wengi. Kila mmoja ana ukurasa wake kwenye makabati yangu, na karibu kila ukurasa unaishia kwa neno zuri. Amejenga tena. Amerudi kazini. Ameoa tena. Ni wangapi kati yao bado wanachimba?

Kuna mzee huko Karungu aliyepoteza wanawe wawili ziwani, mashua yao ilipopinduka karibu kabisa na ufuo. Kila siku asubuhi hukaa ufuoni akishona nyavu za watu, na mimi niliandika kwamba amepata amani kwa kuwa karibu na maji. Nimekuwa nikiona fahari juu ya ukurasa ule. Leo nimeusoma tena, nikaona kwamba sikuwahi kumuuliza anatazama nini huko majini.

Kesho nikijaaliwa nitakwenda Karungu. Nitaketi kando yake, nimsalimie kama inavyopasa, nimsubiri amalize mshono alionao mkononi. Kisha nitamuuliza.

Naogopa atanijibu.